Migomba ya Makunduchi, Migomba ya Marangu

Makunduchi, Julai

Gari lililokuwa mbele yetu lilibeba magogo ya migomba. Tulikwisha kuipita Kitogani, msitu wa Jozani na kima punju wake tumeuacha nyuma, na barabara ya Muyuni inakata maweni kuelekea Makunduchi. Magogo yalikuwa mabichi, yanadondosha maji njiani. Nikamuuliza shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kama hicho ni chakula cha ng'ombe. Swali halikuwa la kijinga. Mume wangu ni mtu wa Marangu, na kule kwao mgomba ukishatoa mkungu wake hukatwa, gogo likachanjwachanjwa likapelekwa zizini. Shemeji alicheka hata akapunguza mwendo.

"Ng'ombe gani, shemeji? Hizo fimbo. Kesho watu wanapigana."

Nikafungua daftari nikaandika: migomba, kugombana. Wataalamu wa lugha waniwie radhi, lakini undugu wa maneno hayo mawili nimeuamini tangu siku ile.

Mdogo wangu ameolewa Makunduchi huu mwaka wa kumi na mbili. Kila Julai hunipigia simu, "Dada, njoo kwenye Mwaka," nami kila Julai nina kazi. Mara hii nilikwenda kwa sababu sikuwa na kwingine pa kwenda. Nyumba ya marehemu baba, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, tuliiuza miaka miwili iliyopita. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, baraza mbele ambalo nusu ya mtaa ililifanya lake. Sasa ni ghorofa, chini maduka ya vitenge na mapazia. Tulikuwa ndugu watano, tukatia saini watano, tukagawana kwa sheria ya mirathi, kaka mafungu mawili na dada fungu moja, na hakuna aliyepandisha sauti. Tuligawana kwa adabu kubwa, na tangu siku hiyo adabu haijapungua. Kulikuwa na hesabu moja ya dalali ambayo sikuielewa. Sikuuliza.

Basi nikaenda Makunduchi.

Ardhi ya huku ni mawe. Wenyewe huita uwanda: matumbawe ya kale yaliyotokeza juu, na mtu analima mihogo na mtama katikati ya vishimo vya udongo vinavyotosha kiganja. Msemo wa wahenga kwamba mgomba changaraweni haupandwi ukamea, hapa unauona kwa macho. Ndiyo maana fimbo za sikukuu zinakuja kwa gari.

Wengi wa bara tukisikia "Mwaka Kogwa" tunadhani ni tamasha la watalii. Watalii wapo, wamejaa, na kamera zao ni ndefu kuliko mikono yao. Ila hesabu inayouleta mwaka huu haiwategemei wao. Asili yake ni Nairuzi, mwaka wa Waajemi, ambao kwao Uajemi husherehekewa Machi. Ulipofika pwani yetu ukahesabiwa siku 365 bila kuongezwa ile siku ya nyongeza ya Februari, kwa hiyo kila baada ya miaka minne unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka wa siku 365 ni wiki 52 na siku moja. Basi mwaka ukianza Jumanne, ujao utaanza Jumatano, na wazee huutaja mwaka kwa jina la siku yake, kama vile unavyomwita mtoto Juma kwa sababu alizaliwa Ijumaa. Siku zenyewe huhesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na mkulima au mvuvi anajua mwongo gani ni wa kupanda na upi bahari haimtaki. Mkwe wa mdogo wangu, bibi wa miaka zaidi ya sabini, hana kalenda chumbani mwake. Nilimuuliza leo ni tarehe ngapi, akanitazama kwa huruma.

Niliona jambo lingine jioni ile. Kwa Waswahili siku huanza jua likizama. Usiku wa Jumamosi ni usiku unaoileta Jumamosi. Kwa hiyo hapa hakuna anayekesha akingoja dakika. Mwaka uliingia tukiwa tunakuna nazi, na mtu pekee aliyetazama saa alikuwa mimi.

Asubuhi, uwanjani. Pande mbili, watu wa kaskazini na watu wa kusini. Vijana wamevaa walivyoweza: makoti ya baridi kwenye jua la saa nne, matambara yaliyofungwa viunoni, mmoja ana helmeti ya pikipiki. Magogo ya mgomba mikononi. Nilitarajia maigizo. Pigo la kwanza lilipotua mgongoni mwa mtu, pwaa, kama mfuko wa maji uliopasuka, nikajua hayakuwa maigizo hata kidogo. Gogo la mgomba ni laini. Halivunji mfupa, lakini linauma, na utomvu wake hautoki kwenye nguo. Baada ya robo saa uwanja ulikuwa umetapakaa nyuzi na majimaji, na harufu ile ya mgomba mbichi ninayoijua kutoka Marangu, tena mahali pasipokuwa na mgomba hata mmoja uliosimama.

Wanawake hawakukaa pembeni. Walizunguka uwanja kwa nguo zao mpya, wakiimba. Nyimbo zenyewe siziandiki, nyingine kwa sababu ni za fumbo, nyingine kwa sababu hazina fumbo kabisa. Mdogo wangu, ambaye kwetu Kariakoo alikuwa akiongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, aliimba kwa sauti ya kupasua kwamba kuna wifi amekopa sukari tangu mfungo mosi na njia ya kurudi ameisahau. Wifi alikuwa hatua tatu mbele yake. Akageuka, akajibu kwa ubeti wake mwenyewe, na ubeti huo ulihusu mapishi ya mdogo wangu. Wote wakacheka. Nikacheka na mimi, huku natafuta jicho la mtu wa kuniambia kama hilo lilikuwa tusi au la.

Halafu moto. Kibanda cha makuti kinasimamishwa, mzee anaingia ndani, kinawashwa, naye anachomoka upande wa pili na kupotelea vichakani huku watu wakirusha madongo. Moshi unalala upande fulani, wazee wanausoma. Niliambiwa kwamba kwa kibanda kile, nyumba ikishika moto ndani ya mwaka, hapatakuwa na mtu atakayefia ndani. Wapo masheikhe wasioipenda shughuli hii na husema waziwazi. Wapo pia waliotoka msikitini alfajiri ile ile na kufika uwanjani na kanzu zao. Sikuona aliyebishana, labda walikwisha kubishana miaka mingi kabla sijafika.

Mchana ni kula. Wali wa nazi, samaki, mikate ya kumimina, mikeka chini ya miti, na nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inajiona ina mkosi. Nilivutwa mikono na watu nisiowajua katika nyumba nne, na ya nne sikuweza kumeza kitu ila maji. Kisha pwani, kukoga, maana ndilo jina lake: mwaka huu unakogwa, mtu anautia maji mwili wake mzima.

Nilichoondoka nacho ni hiki. Wanaume wawili, mmoja mtu mzima sana, walikuwa wamepigana kwa nguvu kuliko wengine wote uwanjani, na alasiri nikawaona wanakula sahani moja. Nikamuuliza mkwe wa mdogo wangu. Akasema walikorofishana kwa ajili ya minazi, tangu mwaka jana hawasalimiani.

"Na sasa?"

"Sasa imekwisha. Ikirudi, watapigana mwakani."

Marangu, Desemba

Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Huo ndio utani wa Dar es Salaam kila Desemba, na mimi mke wa Mchaga nahesabiwa nao. Tulitoka Mbezi kabla ya alfajiri kwa gari letu dogo, nyuma watoto, kreti za soda, mchele wa Mbeya, blanketi la mama mkwe. Walioshindwa kupata tiketi za basi tuliwaacha wamekaa juu ya mabegi yao. Tangu treni ya Moshi iliporudishwa Desemba ya 2019, baada ya zaidi ya miaka ishirini reli ikiwa imelala, wengine hupanda hiyo. Mume wangu anasema treni haina mahali pa kusimama ununue machungwa, na kwa hoja hiyo tunaendesha kilomita zaidi ya mia tano. Chalinze, Michungwani, Segera, mashamba ya mkonge ya Korogwe, Mombo. Trafiki wenye tochi kila penye kibao cha hamsini. Same, vumbi. Himo, halafu unakata kupanda mlima, na ndani ya dakika chache watoto wanaomba masweta.

Huku migomba haibebwi kwa gari. Unaendesha ndani yake. Kihamba cha wakwe zangu ni migomba juu, kahawa chini yake, chini zaidi magimbi na majani ya ng'ombe, na mfereji mwembamba unapita pembeni, mfongo uliochimbwa na watu wasiokumbukwa majina. Katikati nyumba. Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka dirisha la jikoni, makaburi: babu, bibi, baba mkwe, na mtoto mmoja ambaye mama mkwe hamtaji. Kuzunguka yote hayo, masale. Mmea huu wa majani marefu, mjini nimeuona kwenye vyungu mbele ya mabenki, watu wakidhani ni pambo. Hapa ndio mpaka wa shamba, na ndio alama ya kaburi, na mtu aliyekukosea akikujia na jani lake mkononi, kumfukuza huwezi.

Ndizi huku zina majina mengi kuliko yale ninayoweza kuyashika. Kuna za mtori, kuna za kuchoma, kuna za kupikia mbege. Mbege inahitaji siku kadhaa: ndizi mbivu zinachemshwa, zinachujwa, zinachanganywa na ulezi ulioota na kusagwa, na gome la msesewe kwa uchungu. Mama mkwe alikuwa ameanza kabla hatujafika. Inanywewa kwa kata inayozunguka, mzee kwanza. Sisi tumefunga ndoa ya bomani, dini mbili chini ya bati moja, kwa hiyo kata inaponifikia naipokea kwa mikono miwili na kuipitisha, na mtu yeyote hajawahi kulisemea neno.

Kikao cha ukoo kilikuwa tarehe 30. Shemeji yangu mdogo, kitinda mimba, ndiye aliyebaki nyumbani, na kwa desturi yao nyumba ya wazazi ni yake. Kaka yake wa pili ana kiwanja jirani. Kati yao mstari wa masale, na kati ya Pasaka na Desemba mstari ulikuwa umehama. Hatua moja na nusu. Aliyeuhamisha alisema masale yalikauka akapanda mengine. Aliyehamishiwa alisema masale hayakauki.

Nilikuwa nimetoka Makunduchi miezi mitano nyuma na nilingoja mtu anyanyue gogo. Ilikuwa bure. Waliongea saa nne. Mmoja anaongea, wengine kimya. Anamaliza, kata inazunguka. Anaanza mwingine, na anaanzia mwaka 1987 babu alipogawa. Baba mdogo wa ukoo, mzee mwenye fimbo na koti la suti alilovaa juu ya sweta mbili, hakumkatiza mtu. Kila baada ya muda alirudia alichosikia, taratibu, na kumuuliza msemaji, "Ndivyo ulivyosema?" Kuna mtu alisikia maneno yake yakirudi namna hiyo akasema hapana, si hivyo, akayapunguza.

Haya nimeyasikia kupitia dirisha la jikoni, mikono yangu ikiwa kwenye maji ya ndizi. Wake wa nyumba hatukai kikaoni. Dada zao walioolewa wanakaa pembeni wakiruhusiwa, na kihamba kwa mila hakiwahusu. Hapo Makunduchi iliishinda Marangu, na nilimwambia mume wangu usiku ule. Kule nilimwona mdogo wangu anadai sukari yake mbele ya kijiji kizima. Hapa wifi yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza baba yao miaka mitatu, alimenya ndizi huku mdomo wake ukienda bila sauti, akijibu kila hoja ya nje kwa ndizi iliyokuwa mkononi mwake. Mume wangu alisema hilo linabadilika. Nikamuuliza lini. Akasema tulale.

Lakini siwezi kuukana mwisho wake. Giza linaingia, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, kilele cha Kibo hakijaonekana siku nzima. Kaka wa pili akatoka nje, tukasikia kisu kinakata kitu, akarudi na jani la sale. Hakusema amekosa. Alilishika tu, mkono umenyooka kidogo. Kitinda mimba alikawia kulipokea, akakawia tena, hata wifi yangu akaacha kumenya. Halafu akalipokea. Kesho yake asubuhi wote wawili walikuwa kwenye mstari na jembe moja, wanahamisha masale, hatua moja na nusu. Wakati wa chai wakaanza kubishana tena kama ni hatua ya mtu mfupi au mrefu, lakini ule ulikuwa ubishi wenye jembe ndani yake.

Usiku wa 31 tulikwenda ibada ya mkesha kwa Walutheri, mimi na kitenge changu nyuma kabisa. Saa sita kengele ikalia. Kwa kuhesabu kwetu usiku ulikuwa umefika nusu tu, na mwaka mzima unabadilika katikati ya usingizi wa watu. Dar es Salaam muda huo vijana wanachoma matairi barabarani, kila mwaka polisi wanakataza na kila mwaka moshi unapanda. Nikakumbuka kile kibanda cha makuti na wazee wakitazama moshi unalalia wapi. Sijapata kumwona mtu akiusoma moshi wa tairi.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Maua, mishumaa, glasi za mvinyo, njiwa. Katikati yao, kaka yangu mkubwa: picha ya jua linachomoza, "Heri ya Mwaka Mpya kwako na familia", na juu yake maandishi madogo kwamba ujumbe huu umesambazwa mara nyingi. Mwaka jana alinitumia waridi. Nami nilimjibu kwa waridi.

Kariakoo, Januari

Mama mkwe alinipa mkungu wa ndizi za mtori, na haukuingia kwenye buti. Uliletwa mpaka Dar es Salaam miguuni mwa watoto. Tarehe 4 nilimpigia kaka simu nikamwambia nina ndizi zake, tukutane Mtaa wa Sikukuu.

"Sikukuu pale pale?"

"Pale pale."

Alitoka Mbagala, akachelewa. Nilimngoja kwa muuza chipsi aliye chini ya ghorofa, kwa kukadiria mahali ambapo zamani palikuwa korido, baina ya chumba cha baba na kile cha wapangaji wa Kigoma. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Mkungu ulikuwa chini ya meza, na ndizi mbili za juu zimeanza kugeuka rangi kwa joto la mjini.

Kaka alikaa, akaniuliza watoto, akaniuliza safari, akaniuliza mama mkwe, akaniuliza hali ya hewa ya Marangu. Nikajibu yote. Chipsi mayai zikaja. Nikamwambia, "Kaka, ile asilimia ya dalali. Ilikuwa ngapi?"

Aliweka uma chini. "Miaka miwili yote hili lilikuwa tumboni mwako?"

"Ndiyo."

"Na mimi je? Unajua nani alilipa madeni ya maji ya nyumba ile? Nani alimzunguka yule mpangaji mahakamani? Mliuliza?"

Sauti yake ilikuwa imepanda. Yangu nayo. Watu wa meza ya pili waligeuka, mlinzi akasogea, na muuza chipsi, bila kusema kitu, akatuhamishia chupa za soda mbali na viwiko. Tulimtaja kila mtu, waliokufa na walio hai. Alinitajia harusi yangu. Nilimtajia pikipiki. Ilipofika adhuhuri akaninyang'anya kalamu, akalivuta daftari hili, akalifungua ukurasa wa kwanza aliouona una nafasi, ule wa Makunduchi, akaanza kuandika bei, asilimia, ushuru, maji, wakili, nauli.

Namba zake bado zipo, zimepita juu ya maneno yangu kuhusu magogo ya migomba. Nyingi nimezikubali. Ya tatu kutoka chini bado naibishia, na Jumapili anakuja kwangu na risiti.